Kipimo si Hukumu: Istilahi za Saa Zipimazo Mwili

Vyombo vya kupima mwili vimetoka hospitalini vikahamia kwenye mkono wa mtu. Saa ivaliwayo kwenye kifundo cha mkono, pete ya kidoleni na mkanda wa kifuani hutoa leo tarakimu ambazo zamani zilitolewa na daktari au muuguzi peke yake. Tarakimu hizo haziji peke yake. Huja na maneno. Makala haya yanachunguza maneno hayo kama yanavyosomeka kwa Kiswahili, wala hayakusudii kusifu au kulaumu chombo chochote. Hoja yetu ni moja: istilahi ya kipimo yapasa itaje kitu kinachopimwa, isitoe hukumu juu ya mtu anayepimwa. Tafsiri nyingi zinazosambaa sasa zimevunja kanuni hiyo, na anayepata hasara si mfasiri bali ni msomaji.

Ili hoja isielee hewani, tumemweka mbele yetu msomaji mmoja wa kufikirika. Huyu ni mkulima wa makamo aliyeko Magoma, katika bonde la Lwengera, wilayani Korogwe, ambaye mwanawe aliyeko mjini amempelekea saa ya namna hiyo. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Magoma ni mahali ambapo Wasambaa, Wazigua, Wabondei na watu waliofuata kazi ya mkonge kutoka mbali hukutanishwa na Kiswahili. Istilahi ikimpotosha msomaji wa huko, aghalabu hana lugha ya kigeni ya kuisahihishia. Pili, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge wa mkoa wa Tanga wamekwisha kuonyesha jinsi neno la ufundi linavyopokewa na kukaa.

Mtambo wa kuchakata majani ya mkonge huitwa korona katika mashamba hayo, neno lililotokana na jina la mashine ya kigeni. Wafanyakazi hawakungoja kamati. Walilipokea, wakalipa sauti za Kiswahili, likawa jina la kitu kimoja wanachokiona kila siku. Mwaka 2020 neno korona lilikuja mara ya pili, safari hii likiwa jina la maradhi, na kufikia mwaka 2021 nyaraka za serikali zilikuwa zikitumia UVIKO-19. Hapo pana somo. Neno moja laweza kufanya kazi mbili bila madhara maadamu mazingira yanazitenganisha. Si rahisi mkata mkonge adhani kwamba kiwanda ni ugonjwa. Hatari huanza pale ambapo kipimo na maradhi hukutana mahali pamoja, kwa mtu yule yule, katika sentensi ile ile.

Presha ambayo kila mtu anayo

Kiswahili cha kila siku hutaja maradhi kwa jina la kiungo au la kitu kinachohusika. Twasema fulani ana tumbo, ana kifua, ana mshipa, ana presha, ana sukari. Usemi huu ni wa asili na una ufupi wake, na hatuna nia ya kuupiga marufuku majumbani. Kila mtu ana tumbo na kila mtu ana kifua, lakini msikilizaji hachanganyikiwi, kwa sababu tumbo na kifua huonekana hata wakati wa afya. Presha haionekani. Mtu wa kawaida amelisikia neno hilo pale tu lilipotaja ugonjwa. Hajapata kuambiwa kwamba kila aliye hai anayo, na kwamba asiyekuwa nayo ni maiti.

Tazama basi yanayomfika msomaji wetu. Kioo cha saa kinaandika: Shinikizo la damu 118/76. Hizo ni tarakimu za mtu mzima mwenye afya, lakini yeye anasoma jina la ugonjwa na mbele yake tarakimu mbili asizozijua. Anaamini kuwa amekutwa na maradhi. Kinyume cha hayo ni kibaya zaidi. Mtu aliyeambiwa miaka mitatu iliyopita kwamba hana presha haoni haja ya kupimwa tena, kwa kuwa kitu ambacho mtu hana hakipimwi. Na maradhi haya ndiyo yanayojulikana kwa kutotoa dalili mpaka yamekwisha kudhuru moyo, figo au ubongo.

Si haki kuwatupia lawama wasemaji. Neno shinikizo la damu lilikusudiwa kuwa jina la kipimo: nguvu ambayo damu huisukuma kuta za mishipa. Kipimo hicho kimejengwa juu ya kazi ya Scipione Riva-Rocci wa Italia, aliyetumia mwaka 1896 mkanda wa mkononi unaojazwa hewa, na ya Nikolai Korotkov wa Urusi, aliyeonyesha mwaka 1905 jinsi ya kusikiliza mshipa kwa chombo cha masikioni. Tarakimu ya kwanza ni nguvu moyo unapojikaza, ya pili ni nguvu moyo unapolegea, na zote huhesabiwa kwa milimita za zebaki. Shirika la Afya Duniani hutaja ugonjwa pale vipimo vya siku mbili tofauti vinapofika 140 kwa tarakimu ya kwanza, au 90 kwa ya pili, au kuzidi. Hata hivyo mabango na hotuba za ofisi zetu wenyewe husema “wagonjwa wa shinikizo la damu”, kana kwamba shinikizo ndilo ugonjwa. Ofisi imelichukua neno la kipimo ikaliweka mahali pa neno la maradhi, kisha inashangaa watu wakielewa hivyo.

Lugha ilikwisha kutupa dawa ya tatizo hili. Sukari ni kitu. Kisukari ni ugonjwa. Kiambishi kimoja tu kimeyatenga mawili hayo, na ugonjwa ukaingia katika jamii ya kifafa, kifaduro, kichocho na kipindupindu. Kwa sababu hiyo muuguzi aweza kusema “nitakupima sukari” pasipo kumtia mtu ugonjwa. Kwa shinikizo hatupendekezi kuunda neno jipya kwa kiambishi hicho, kwani istilahi iliyopo yatosha endapo itatumiwa kwa nidhamu. Shinikizo la damu liwe jina la kipimo tu. Maradhi yaitwe shinikizo la juu la damu, na maneno “la juu” yasiangushwe kamwe katika maandishi rasmi, hata kama nafasi ni finyu.

Moyo hauna kiwango

Tafsiri ya pili tunayoikataa ni “kiwango cha moyo”, iliyoenea katika matini zilizofasiriwa kwa mashine zikaachwa bila kuhaririwa. Kiwango ni kadiri ya kitu kinachoweza kuongezeka na kupungua: kiwango cha maji katika pipa, kiwango cha elimu, kiwango cha chaji katika betri. Moyo ni kiungo. Hauongezeki wala haupungui kwa namna hiyo. Msomaji anayeona kwenye kioo kimoja chaji 72 na “kiwango cha moyo” 72 ana haki ya kudhani kwamba moyo wake umebakiwa na sehemu hiyo, na kwamba tarakimu ikipanda ndiyo heri. Kumbe mtu mzima aliyetulia hutarajiwa kuwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na tarakimu inayopanda huku amekaa yaweza kuwa dalili ya homa. Kiswahili kina jina la jambo hili tangu zamani, nalo ni mapigo ya moyo. Liandikwe mapigo ya moyo kwa dakika, na yakitajwa ya wakati wa kutulia yaitwe mapigo ya mapumziko.

Ugumu wa kweli uko katika kipimo cha tatu, ambacho wengi wa wasomaji wetu watakutana nacho kwa mara ya kwanza kwenye saa hizi. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika haupigi kila baada ya sekunde moja kamili. Nafasi moja yaweza kuwa milisekunde 960, inayofuata 1,030, nyingine 990. Mtu anapovuta pumzi mapigo husogeleana kidogo, anapoitoa hutengana. Mfumo wa neva unaoendesha moyo bila hiari yetu ndio unaoleta tofauti hiyo, na kwa jumla tofauti kubwa kidogo ni ishara ya mwili uliopumzika na unaoitikia vema, ingawa kila mtu ana kadiri yake na haifai kumlinganisha na jirani. Mwaka 1996 vyama vya wataalamu wa moyo vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini vilitoa mwongozo wa pamoja wa namna ya kukipima.

Wafasiri wamekiita “kutofautiana kwa mapigo ya moyo”, wengine “mapigo yasiyo sawa”. Tafsiri ya kwanza haina kosa la sarufi, na ya pili inasomeka kwa urahisi. Lakini zote mbili humwambia msomaji kwamba moyo wake una kasoro. Mapigo yasiyo sawa ndiyo maneno ambayo daktari hutumia anapoeleza ugonjwa wa moyo unaokosa mpangilio, ambao waweza kuleta kiharusi. Hivyo istilahi imeligeuza jambo la heri kuwa la shari: tarakimu ikipanda, mwenye saa anaogopa, ikishuka, anafurahi. Sisi tunapendekeza mpishano wa nafasi za mapigo, kwa milisekunde. Neno nafasi linaeleza kwamba kinachopimwa ni muda ulio baina ya pigo na pigo, si pigo lenyewe. Ugonjwa nao uitwe mapigo yasiyo na mpangilio, ili majina mawili yasigongane.

Mawazo ambayo saa haiyaoni

Kutokana na mpishano huo wa nafasi pamoja na kasi ya mapigo, saa nyingi hutunga alama moja, tuseme kutoka 0 hadi 100, na wafasiri wameiita “msongo wa mawazo”. Katika orodha yote hii hapana tafsiri iliyotusikitisha zaidi. Neno la kigeni linalofasiriwa hapa lina maana mbili, ya mwili na ya moyo. Kiswahili kimechagua kuongeza “wa mawazo”, na kwa kufanya hivyo kimefunga mlango wa maana ya kwanza. Saa haina njia ya kuyaona mawazo. Inaona mwanga unaorudi kutoka katika ngozi, na kwa mwanga huo inahesabu mapigo.

Madhara yake si ya maneno matupu. Mtu aliyeanza kupata homa ya malaria mapigo yake huenda kasi na mpishano wa nafasi hupungua, na kwa hiyo saa yaweza kumpa alama ya juu. Katika wilaya ya Korogwe, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imefanya kwa miaka mingi utafiti wa malaria, mtu huyo anahitaji kipimo cha damu katika kituo cha afya. Lakini kioo kinamwambia kwamba ana mawazo mengi. Atashauriwa apumzike, asifikirie madeni, na siku mbili zitapita. Alama hiyo iitwe mkazo wa mwili. Jina hilo halisemi chanzo, kwa sababu chombo chenyewe hakikijui chanzo.

Oksijeni na wachukuzi wake

Kipimo cha oksijeni kilijulikana na watu wengi wakati wa janga la UVIKO-19, ingawa msingi wake uliwekwa mwaka 1974 na Takuo Aoyagi wa Japani. Kioo huandika “oksijeni ya damu 98%”. Maneno hayo yanaonyesha kwamba damu imejaa oksijeni karibu kabisa, na msomaji anaridhika. Lakini asilimia hiyo haipimi wingi wa oksijeni. Inaeleza ni sehemu gani ya himoglobini, yaani kile kitu chekundu cha damu kinachochukua oksijeni, iliyobeba mzigo wake. Ni sawa na kusema kwamba malori 98 katika kila 100 yametoka shambani yakiwa na shehena ya mkonge. Habari hiyo haisemi shamba lina malori mangapi. Mwenye upungufu wa damu uliotokana na malaria au minyoo aweza kusoma 98% huku wachukuzi wake wamebaki wachache mno na mwili unadhoofika.

Istilahi sahihi ni ndefu kidogo: asilimia ya himoglobini yenye oksijeni. Tunajua kwamba kioo ni kidogo na mfasiri atalalamika. Na liandikwe basi kwenye kioo “oksijeni (%)”, lakini kijitabu kitaje jina kamili na kieleze kwamba kipimo hiki hakigundui upungufu wa damu. Ufupi ni haki ya kioo. Kijitabu hakina udhuru huo.

Kupima na kukadiria

Mpaka hapa tumezungumzia majina. Vitenzi navyo vina makosa yao. Neno kipimo limebeba mizigo mingi katika Kiswahili: ni chombo, ni tendo, ni matokeo, na hospitalini ni uchunguzi wa maabara pia. Kwa hiyo tukisema “saa imepima”, msomaji huipa saa heshima ile ile anayoipa maabara. Ukweli ni kwamba baadhi ya tarakimu hizi saa huzihesabu, na nyingine huzikisia kwa hesabu za mbali. Mapigo huhesabiwa karibu moja kwa moja: taa ya kijani humulika ngozi, damu hufyonza mwanga, na kila pigo huonekana. Shinikizo la damu katika saa isiyo na mkanda wa kujaza hewa hukadiriwa tu, na saa nyingi za aina hiyo huhitaji kulinganishwa mara kwa mara na chombo chenye mkanda. Joto nalo mara nyingi ni badiliko la joto la ngozi kutoka katika kawaida ya mwenye saa, si joto la mwili, anayesoma “joto la mwili +0.4” hawezi kujua amesoma nini.

Swala hili linatuhusu sisi Waafrika kwa namna ya pekee. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha tarakimu za vyombo vya kidoleni vya hospitali na vipimo vya damu ya ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao chombo kiliwapa asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilionyesha chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa Weusi na asilimia 3.6 ya wagonjwa Weupe. Kosa la kutoona hatari lilikuwa kubwa mara tatu hivi, na sababu inayotajwa ni rangi ya ngozi ambayo mwanga hupita ndani yake. Vile vilikuwa vyombo vya hospitali. Saa ya mkononi haiwezi kudai usahihi zaidi. Mfasiri anayeandika “kipimo” mahali pa “kadirio” anakiongezea chombo uhakika ambao hata mtengenezaji hajaudai. Tunashauri pima litumike kwa kinachopimwa, na kadiria kwa kinachokadiriwa, na tofauti hiyo ilindwe katika kila ukurasa.

Jina lililogeuka amri

Yawezekana mtu akauliza kama jina lina uzito wote huo. Tumjibu kwa mfano wa hatua. Saa nyingi humtaka mwenye nazo atembee hatua 10,000 kwa siku, na asipozifikisha humwonyesha kwamba lengo halikutimia. Tarakimu hiyo haikutoka katika utafiti wa tiba. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza chombo cha kuhesabia hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipimahatua cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, likasafiri, likawa agizo la afya duniani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wenye umri wa wastani wa miaka 72 ulionyesha kwamba faida ya kupunguza vifo iliongezeka hadi kufikia hatua 7,500 hivi kwa siku, kisha ikatulia. Ikiwa jina la kuuzia bidhaa laweza kuwaamrisha watu wa mabara yote kwa zaidi ya nusu karne, hatuwezi kusema kwamba jina ni kitu kidogo.

Wapo pia watakaosema kwamba lugha hutengenezwa na watu, na kwamba presha imekwisha kuingia, basi iachwe. Twakubali nusu ya kauli hiyo. Korona ya mkonge iliundwa na watu na hakuna aliyehitaji kuisahihisha, kwa sababu waliokuwa wakiitaja walikuwa wakiiona na kuiendesha. Tarakimu za saa hazionekani mwilini. Mwenye saa hana njia nyingine ya kuzijua ila kupitia neno tulilompa. Hawezi kulisahihisha kwa macho yake. Hapo ndipo wajibu wa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali unapoanza.

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi hizi zitumike katika tafsiri, vitabu vya shule na nyaraka za afya: shinikizo la damu kwa kipimo, na shinikizo la juu la damu kwa maradhi, mapigo ya moyo kwa dakika, mapigo ya mapumziko, mpishano wa nafasi za mapigo, na mapigo yasiyo na mpangilio kwa maradhi, mkazo wa mwili, asilimia ya himoglobini yenye oksijeni, badiliko la joto la ngozi, na neno kadirio kila inapostahili.

Kabla ya kuzikubali, zijaribiwe. Mtihani wenyewe ni mwepesi na hauhitaji fedha nyingi. Mtu kama mkulima wetu wa Magoma asomewe jina la kipimo pamoja na tarakimu yake, bila maelezo mengine, kisha aulizwe: umeelewa nini, na utafanya nini? Akijibu kwamba ni mgonjwa ilhali tarakimu ni njema, au kwamba ni mzima ilhali tarakimu yamtaka aende kituo cha afya, istilahi imeshindwa, hata kama kamati nzima imeipitisha.